Bango langu lilidaiwa na ofisi tatu: kodi za Lubumbashi zinaua kazi kabla haijazaliwa

KinuRuashi

Habari zenu wote, wa L'shi, mji wetu wa Lubumbashi hapa Kongo, na wa mbali.

Nina mashine ya kusaga mahindi Ruashi, mwaka wa tisa sasa. Wamama wanaleta mahindi yao kwenye beseni, meka mbili, meka tatu, tunasaga, wanaenda kupika bukari, yaani ugali. Umeme ukikatika tunawasha injini ya mazuti (dizeli). Biashara yote ndiyo hiyo.

Mwaka jana mwezi wa kwanza nilinunua daftari la shule nikaanza kuandika kila mtu wa Leta, yaani wa serikali, aliyeingia mlangoni: siku gani, alitaka nini, nililipa ngapi, aliacha karatasi au hakuacha. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Desemba nilikaa nalo usiku mzima nikahesabu. Madai ya aina 19. Mara 64 nilisimamisha kazi ili niongee na mtu aliyebeba begi la karatasi. Mara 22 nililipa na sikupewa risiti yoyote.

Niwape moja tu, la bango. Mbele ya kinu nilikuwa na bati nililoandika kwa rangi nyekundu HAPA TUNASAGA, na mshale, kwa sababu mlango wangu uko nyuma ya ukuta na mgeni haoni. Wakaja watu wa ofisi moja wakasema bango ni tangazo, na tangazo lina takse. Nikalipa. Baada ya wiki tatu wakaja wa ofisi ya pili: tangazo ni letu sisi. Nikawaonyesha risiti, wakasema hiyo haiwahusu. Mwezi wa sita wakaja wa tatu, karatasi yao imechapwa vizuri, na juu yake faini ya kuchelewa. Nilichelewa kulipa kitu ambacho sikuwa najua kipo! Wakafunga mlango kwa sili siku mbili, na mahindi ya watu yako ndani. Mama mmoja alikuja na watoto wake wawili, akasimama anachungulia beseni lake kwenye tundu la mlango. Nilienda kumnunulia kaunga, unga wa mahindi, dukani kwa pesa yangu.

Nililipa na hao wa tatu. Kisha nikapanda ngazi nikafuta maandishi kwa rangi nyeupe. Mpaka leo bati ni jeupe, na mgeni akipita anauliza kinu kiko wapi.

Ofisi sizitaji. Ninachotaka tujadili ni utaratibu.

Mtu akilalamikia kodi, watu wanadhani hataki kulipa. Mimi nataka kulipa. Nataka kulipa mara moja, mahali pamoja, kiasi kilichobandikwa ukutani ambacho jirani yangu naye analipa hichohicho, kisha nirudi kusaga. Kinachonimaliza ni wingi wa mikono. Kila mkono unasema unachukua kidogo, na hakuna hata mmoja anayejua wenzake wameshachukua ngapi.

Nilikuwa naweka pesa ya mashine ya pili, ya kukoboa. Ingekuja na vijana wawili wa kuiendesha, na nilishawachagua moyoni, wa mtaa wetu hapa, wamemaliza shule wanakaa ukutani. Pesa iliisha kwenye zile aina 19. Vijana bado wako ukutani, na hawajui kwamba kazi yao ilikuwa imeandikwa kwenye daftari langu ikafutwa. Hakuna waziri atakayeulizwa kuhusu kazi hizo mbili, maana hazikuonekana na mtu yeyote isipokuwa mimi. Sasa zidisha kwa kila kinu, kila karakana ya kuchomea vyuma, kila saluni ya mji huu.

Na Leta inaendelea kunenepa. Mwaka 2015 tuligawanywa kutoka majimbo 11 kuwa 26. Katanga yetu ikawa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Kila jimbo lina gavana, makamu wake, bunge lake, na Katiba inaruhusu mawaziri wa jimbo hadi 10. Pigeni hesabu: mawaziri 260 wa majimbo wanaweza kuwepo, juu ya serikali ya taifa iliyotangazwa Mei 2024 ikiwa na watu 54. Wote hao wanahitaji magari, ofisi, washauri na mafuta. Barabara ya kwenda kwangu iko vilevile kama mwaka 2014.

Na mkono mrefu hauishii kwenye kodi. Unataka kufanya kazi zetu pia. Mimi ni mtu wa mahindi, kwa hiyo Bukanga-Lonzo iliniuma kuliko wengi. Leta ilizindua shamba lile mwaka 2014, hekta 80,000, eti itashusha bei ya chakula. Wakaguzi wa fedha wa Leta yenyewe walisema mwaka 2020 kwamba zilitoka dola milioni 285 na mradi ukaanguka. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani Matata Ponyo miaka 10 ya kazi ya kulazimishwa kwa kesi hiyo, yeye anakana. Mimi nauliza kitu kimoja kabla ya habari ya wizi: nani alisema Leta ijue kulima? Mkulima wa Kasenga anajua kulima. Alihitaji barabara tu. Ndiyo maana mpaka leo Zambia ikifunga mahindi yake, bei ya kaunga hapa inapanda siku ileile.

Nyinyi mnalipa nini? Andikeni, na kama mna karatasi, bandikeni.

---

MamaKasu

Baba Kinu, asante. Mimi natoka Kasumbalesa, naleta mayai, sabuni na mafuta ya kupikia kutoka upande wa Zambia, miaka 14 sasa.

Kuna dekreti ya tarehe 28 Machi 2002 inayosema wazi huduma za Leta zinazoruhusiwa kufanya kazi mpakani ni nne: forodha, OCC (wakaguzi wa bidhaa), uhamiaji na usafi wa afya. Nne tu. Shemeji yangu aliichapa, ninaibeba kwenye mkoba, imeshachanika kwenye mikunjo. Alhamisi iliyopita, katoni zangu 30 za mayai zilipita kwenye meza 11. Kuna meza ambazo hazina hata jina, kuna mtu, kiti, na mwavuli.

Nikitoa ile dekreti, wengine wanacheka, wengine wanakasirika. Mmoja aliniambia, «Mama, utakula hiyo karatasi?» Nilingoja kwenye jua mpaka saa nane mchana. Mayai hayangoji jua. Siku hizi nalipa.

Mfikirie na hili. Wenzangu wengi wameacha kupita barabarani. Wanagawa mzigo kwa vijana, kila mmoja anabeba kichwani, wanapitia porini usiku. Wanaibiwa, wasichana wanapata mabaya makubwa kuliko kuibiwa. Na Leta haipati hata faranga moja. Wangeweka bei moja ndogo ya katoni, wote tungepita mbele ya forodha mchana kweupe, tena kwa furaha. COMESA, lile soko la pamoja la nchi za Afrika, wanao utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, na sisi tumo COMESA. Lakini karatasi rahisi haimlishi mtu wa meza ya saba.

---

MwalimuLikasi

Ndugu zangu, poleni kwa usumbufu. Lakini naona mnaelekea pabaya. Mkisema Leta ipungue, mimi ndiye wa kwanza kupungua. Septemba 2019 elimu ya msingi bure ilianza. Kabla ya hapo mzazi alikuwa analipa prime yangu, nyongeza ya mshahara, kutoka mfukoni, na mtoto wa mama wa sokoni alifukuzwa darasani kwa sababu ya pesa. Nimefukuza watoto kwa mkono wangu, nimeagizwa, na sitasahau nyuso zao. Sasa wako darasani, wamejaa kupita kiasi lakini wapo. Hiyo pesa inatoka wapi kama si kodi? Nchi zenye shule nzuri zinatoza kodi kubwa kuliko sisi. Tatizo letu ni wizi. Mfukuze mwizi, acha kodi.

---

KinuRuashi

Mwalimu, heshima yako. Mtoto wangu wa tatu yuko darasa kama lako, na mwalimu wake nikimkuta njiani namsalimia kwa mikono miwili. Mshahara wako ni katika vitu vichache ambavyo ningelipia bila kuulizwa mara mbili. Shule, barabara, mahakama, polisi anayelinda usiku. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya Leta, basi.

Lakini fuata ile pesa yangu ya mara 22 bila risiti. Haikufika kwako. Na zile za risiti, kabla hazijakufikia zinapita kwa gavana, mawaziri, washauri, misafara, makampuni ya Leta yanayokula hasara kila mwaka. Wewe uko mwisho wa foleni, ndiyo maana mnagoma. Leta inayofanya mambo mia inamlipa mwalimu kwa makombo. Ingefanya mambo matano, ungekuwa wa pili kwenye foleni.

Unasema mwizi afukuzwe. Nakubali. Lakini mwizi anazaliwa wapi? Bango langu lina madai matatu na hakuna anayejua lipi ni la halali, basi kila anayekuja na begi anaweza kudai la nne. Ukimfukuza huyu, kesho anakuja mwingine kwenye kiti kilekile. Ondoa kiti.

Na zile nchi zenye kodi kubwa, raia wake wanalipa baada ya kupata. Sisi tunalipa kabla ya kufungua mlango.

---

MzeeKamalondo

Wanangu, nimesoma kwa utaratibu, mjukuu wangu ananishikia simu. Nina umri wa kukumbuka tarehe 30 Novemba 1973. Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yanarudi kwa Wazaire. Tulishangilia, sikatai, hata mimi nilishangilia, nilikuwa kijana. Hapa mjini kulikuwa na maduka ya Wagiriki, Wareno, Waitalia, Wahindi. Waliopewa waliitwa kwa Kifaransa acquéreurs, na wengi wao walikuwa watu wakubwa wa chama. Waliuza kilichokuwa kwenye rafu, wakanunua magari. Rafu zilipoisha, hakuna aliyejua mzigo unaagizwaje wala kwa nani. Duka la pembeni mwa kwetu lilibaki na viberiti na chumvi, na baadaye chumvi ikaisha. Mwaka 1976 Mobutu mwenyewe akaanza kuwarudishia wenyewe mali zao, lakini waliokuwa wameondoka hawakurudi wote.

Nawaambia hili kwa sababu vijana mnaongea kodi kana kwamba inaanza na kuishia kwenye risiti. Leta ikichukua duka zima, hiyo ni kodi. Na kuna nyingine mbaya zaidi. Januari 1993 walileta noti ya zaire milioni tano. Wanajeshi walilipwa kwa noti hiyo, wafanyabiashara wakaikataa, Kinshasa watu wakafa. Mwaka huo huo, mwezi wa kumi, wakaleta zaire mpya: milioni tatu za zamani kwa moja mpya. Pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mahari ya mdogo wangu haikutosha kununua gunia la makala, yaani mkaa. Hakuna mtu aliyenigongea mlango na begi la karatasi. Waliitoa kwa mashine ya kuchapa tu, nami nimelala.

Na msisahau ilivyopona. Mwaka 1999 walikataza watu kufanya biashara kwa dola, na mwaka 2000 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 500. Mwaka 2001 Leta ikaacha faranga itafute bei yake sokoni, ikaacha dola zitembee, ikaacha kuchapa ovyo. Miaka miwili tu, bei zikatulia. Leta ilikuwa imepunguza kushika, basi.

---

BinKatuba

Shikamoo Mzee. Mimi nitapinga, na nitapinga kwa nguvu, maana hapa mnapiga makofi tu.

Kodi ndogo kwa nani? Mji huu ulijengwa na shaba. Zamani watu walisema Gécamines, kampuni ya Leta ya migodi, ndiyo baba, ndiyo mama: ilitoa shule, hospitali, posho ya unga kila mwezi, nyumba. Hiyo ilikuwa Leta kubwa, na ilikuwa inalisha. Wakaja wataalamu wa soko huria kutoka Benki ya Dunia. Mwaka 2002 sheria mpya ya migodi, kodi laini. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines wakaondolewa kwa jina zuri la «kuondoka kwa hiari». Tembeeni kwenye kambi za zamani muone wazee hao. Soko liliwapa nini? Wageni wanachimba usiku na mchana, malori yanapita kwenda Kasumbalesa, sisi tunabaki na vumbi. Na hapo Baba Kinu unataka watozwe kidogo zaidi?

---

KinuRuashi

BinKatuba, mdogo wangu, hili ndilo swali la kweli la mji huu, na nimelala nalo siku mbili kabla ya kujibu.

Kwanza Gécamines. Katikati ya miaka ya 80 ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 ilikuwa tani 30,000 na kidogo. Soko huria lilikuwa wapi miaka hiyo? Sheria ya 2002 haikuwepo. Benki ya Dunia haikuangusha mgodi wa Kamoto Septemba 1990. Kampuni ilikuwa sanduku la wakubwa: dola zilitoka, mashine hazikutengenezwa, vipuri havikununuliwa. Baba na mama alikufa mwaka 1994. Mwaka 2003 ndipo yalipofanyika mazishi, na wafiwa walikuwa wale watu 10,655, na uchungu wao nauheshimu. Lakini usimlaumu aliyechimba kaburi.

Na liangalie hilo neno lenyewe, baba na mama. Mtu mmoja anakupa kazi, nyumba, unga, shule na dawa. Siku akianguka, unapoteza vyote asubuhi moja. Ningependa mtoto wangu awe na waajiri ishirini wanaomgombania.

Pili, baada ya 2002 uzalishaji ulipanda mpaka mwaka 2023 nchi ilivuka tani milioni 2.5. Kodi haikufutwa. Mrabaha wa shaba ulikuwa asilimia 2, tangu 2018 ni asilimia 3.5, na kobalti ni asilimia 10. Sheria hiyohiyo ya 2018 inagawa: asilimia 50 Kinshasa, 25 jimbo, 15 kwa eneo lenyewe la mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo pesa ya shaba Leta inaipata, na nyingi kuliko wakati wowote wa uhai wangu. Swali lako la vumbi mpelekee aliyepokea.

Tatu, hapa tuko pamoja kuliko unavyodhani. Mimi sitaki kampuni kubwa isamehewe kodi. Kampuni kubwa ina wanasheria, inakaa mezani Kinshasa, inatoka na karatasi ya msamaha. Kile isicholipa, kinatafutwa kwenye kinu changu. Soko huria ninalolitaka halina msamaha wa mtu, halina mkataba wa chumbani. Kiwango kimoja, kidogo, cha wote. Ukiweka kodi kubwa halafu ukauza misamaha, umejenga duka, na mwenye duka ni afisa.

Mfano mwingine: kobalti ya wachimbaji wadogo. Mwaka 2019 Leta iliunda kampuni moja, EGC, ikaipa peke yake haki ya kununua kobalti yote ya wachimbaji wa mikono. Kwa jina la kumlinda mchimbaji. Mchimbaji mwenye mnunuzi mmoja analindwa na nini? Wakiwepo wanunuzi kumi, akionewa mzani hapa anabeba gunia lake anaenda pale.

Na simu uliyoshika. Simu za nyaya za Leta mji huu zilikuwa za watu wakubwa, na nyingi zilikuwa zimekufa. Celtel ilikuja 2000, Vodacom 2002, zikagombana, na leo mama wa mahindi ana simu kwenye kitambaa. Hakuna wizara iliyofanya hivyo. Wizara ilikuja baadaye, 2020, na RAM, tozo ya kusajili simu: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G, zinakatwa kwenye vocha yako bila kukuuliza. Nchi nzima ilipiga kelele mpaka ikaondolewa mwanzoni mwa 2022. Watu maskini waliikataa, sikuwahi kuona tajiri barabarani.

Kuna mwanazuoni wa Tunis, Ibn Khaldun, aliyezaliwa mwaka 1332, alishaona mambo haya: dola ikiwa changa inatoza kidogo na kupata kingi, ikizeeka inatoza kingi na kupata kidogo, kwa sababu watu wanaacha kujishughulisha. Miaka karibu mia saba, na MamaKasu ameandika yaleyale hapo juu kuhusu njia za porini.

---

BinKatuba

Nimesoma. Kwenye misamaha tuko pamoja kabisa. Kwenye Gécamines bado nina donge, babu yangu alijivunia ile beji yake mpaka alipokufa. Lakini nimekusikia, Yaya, kaka yangu mkubwa.

---

HesabuKampemba

Mimi ni mhasibu, ninaandikia vitabu maduka madogo karibu 40. Naomba niwape silaha, maana naona maneno mengi na sheria kidogo.

Katiba, kifungu cha 174: hakuna kodi ila kwa sheria. Afisa akikwambia «ni agizo la mkubwa», hiyo si kodi. Halafu kuna ordonansi-sheria (sheria anayoitoa rais) ya tarehe 13 Machi 2018 yenye orodha ya kodi na takse zote za jimbo na za mamlaka za chini. Kisichokuwa kwenye orodha hiyo hakidaiwi na jimbo wala na walio chini yake. Nimewahi kukaa na mteja tukapitisha madai yake moja moja kwenye orodha, na manne hatukuyaona popote. Aliandika barua ya kuomba msingi wa kisheria wa kila dai. Mawili hayakurudi tena.

Sasa upande wa sheria mbaya, maana zipo. Kampuni ikipata hasara mwaka mzima, bado kuna kodi ya chini ya asilimia 1 ya mauzo yote. Ya mauzo, si ya faida! Mteja wangu wa saruji alipata hasara, akauza gari lake kulipa kodi ya faida ambayo hakuipata. Mwaka uliofuata alifunga. Na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, iliyoanza Januari 2012: mdogo aliye chini ya faranga milioni 80 kwa mwaka hawezi kuirudisha, kwa hiyo akinunua injini au kipuri anaimeza yote, wakati mkubwa anaikata. Mdogo analipa zaidi kwa chuma kilekile.

Lakini kuna mfano mzuri hapahapa kwetu. Ordonansi-sheria ya 2013 iliweka kwa biashara ndogo sana, chini ya faranga milioni 10, faranga 50,000 kwa mwaka na basi. Mtu anaielewa, anaweza kuipanga. Wazo hilo lingeheshimiwa na kila ofisi, nusu ya uzi huu usingekuwepo. Morisi waliingia njia hiyo mwaka 2006 na 2007: wakashusha kodi za makampuni na za watu, wote asilimia 15, wakafuta misamaha mingi. Kisiwa kisicho na shaba wala kobalti, na vijana wetu wanaomba viza kwenda kusoma huko.

---

NdaniYaOfisi

Sitasema niko ofisi gani. Nimesoma yote na ninaona aibu, lakini naomba mjue tunavyoishi.

Kila mwaka tunapewa kiwango cha kukusanya. Mshahara wenyewe haufikishi mwezi, tunaishi kwa prime, na prime inatokana na kilichokusanywa na sehemu ya faini. Sasa fikirieni akili ya mtu aliye hivyo. Asiyekosea hanifaidii. Anayekosea ananilisha watoto. Sheria ikiwa ngumu, wanaokosea wanakuwa wengi. Hakuna mtu ofisini kwetu atakayeomba sheria iwe rahisi, hata walio wema.

Makampuni makubwa hatuwafikii, simu inapigwa kutoka juu kabla hatujashuka kwenye gari. Mwezi ukikaribia kuisha na kiwango hakijafika, mkuu anasema teremkeni mitaani. Ndipo tunafika kwa watu kama Kinu. Nimewahi kufunga mlango wa saluni ya binti mmoja kwa sili, analia. Nyumbani sikula siku hiyo.

Tulipeni mshahara kamili, mtuondolee sehemu ya faini, mtupunguze hata nusu. Mimi ningekubali kuwa katika nusu inayotoka.

---

MwalimuLikasi

Huyu ndugu amenibadilisha kidogo. Bado nasema shule kwanza. Lakini kama faini ni chakula cha anayetoza, basi hata gavana awe malaika hakuna kitakachotengenezwa.

---

KinuRuashi

NdaniYaOfisi, umesema kilichokuwa kigumu kusemwa. Nakuombea usalama, usituambie zaidi.

Yaya Hesabu, nimeongea na wenye vinu wa mtaa, tuko sita. Jumatatu tunataka kuandika barua moja: aina zote 19, na mbele ya kila moja tunaomba kifungu cha sheria, nani anapaswa kupokea, na benki gani. Hatukatai kulipa hata moja kabla ya jibu. Tunataka tu jibu liwe kwa maandishi. Utatusaidia kuisoma?

---

HesabuKampemba

Njooni Jumamosi saa tatu asubuhi, mbele ya posta. Barua iwe nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na muondoke nayo. Tarehe iandikwe. Mkikataliwa muhuri, mnaituma kupitia kwa bailifu, mjumbe wa mahakama. Leteni na risiti zote, hata zilizochanika.

---

MamaKasu

Jumamosi nitakuwa L'shi kupeleka mayai. Nitapita na dekreti yangu ya 2002, na daftari, nimeshaanza la kwangu. Kwenye meza ya saba nimeandika «kiti, mwavuli, hana jina». Yaya Hesabu, hiyo nayo inaombewa kifungu?

---

HesabuKampemba

Hiyo ndiyo ya kwanza, Mama.